Dhahabu ya Tezi: Israfu Ni Ipi?

Liko neno ambalo twalisikia mara kwa mara likitajwa kwa kejeli, nalo ni hili: ya kwamba mtu aandikaye jina la chombo chake kwa dhahabu ni mtu wa israfu, na ya kwamba mwenye akili huandika kwa rangi, au hununua herufi za plastiki zilizokwisha katwa na mashine, akazibandika, akenda zake. Sisi hatukubaliani na neno hilo. Israfu ipo, na ni kubwa, lakini wasemao wameitafuta pasipokuwa pake.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe, maana mtu wa dukani hawezi kusema ghali wala rakhisi kabla ya kutia kitu mizanini. Utando wa dhahabu utumikao kwa kazi hii hufuliwa kwa nyundo mpaka ukawa mwembamba kiasi cha sehemu moja katika elfu kumi ya milimita. Vidole haviwezi kuushika, na pumzi ya mtu yatosha kuurusha. Huuzwa katika vijitabu vya karatasi nyororo, kila kijitabu tando 25, na kila utando wapata milimita 80 kwa kila upande. Apendaye hisabu na apige: kijitabu kizima hakina dhahabu hata nusu gramu. Jina la herufi 8, kila herufi urefu wa inchi 6, halifikii gramu moja, hata ukitia ndani kile kinachopotea kwa upepo na kwa kupandanisha kingo. Basi pete moja ya arusi, katika kidole cha mke wa mvuvi, ina dhahabu nyingi kuliko tezi ya chombo kile kinachosemwa kuwa ni cha kiburi.

Fedha anayotozwa mwenye chombo, basi, inakwenda wapi? Inakwenda katika mkono wa fundi, na hapo ndipo twataka msomaji atue kidogo.

Ubao wa tezi hupigwa msasa, hupakwa rangi au vanishi, kisha huachwa ukauke kweli kweli, si kukauka kwa juu tu, kwa sababu vanishi mbichi huikamata dhahabu hata mahali isipotakiwa. Hupangusiwa poda, au ute wa yai uliochanganywa na maji, kwa ajili hiyo hiyo. Herufi huchorwa kwa chaki. Kazi hii ya kuchora ndiyo imshindayo fundi wa kubahatisha, kwani tezi aghalabu imepinda na kulala nyuma, na mstari ulionyooka juu ya karatasi huonekana umekunjika ukishawekwa pale. Aliyekaa chuoni na kalamu ya tete mkononi anajua kwamba nafasi iliyo baina ya herufi mbili nayo ni kazi ya mwandishi. Haipimwi kwa rula, hupimwa kwa jicho. Kisha kwa burashi nyembamba hupakwa gundi ya mafuta ndani ya mistari, na mafundi wengine huitia rangi ya manjano kidogo wapate kuona walipopita.

Sasa huja kungoja. Iko gundi ya saa 3 na iko ya saa 12, na ile ya polepole ndiyo itoayo nuru nzuri zaidi. Fundi huigusa kwa kifundo cha kidole: ikiwa bado inavuta lakini haiachi kitu juu ya ngozi, wakati umewadia. Akiiwahi, dhahabu huzama katika gundi, nuru yake ikafa. Akichelewa, haishiki. Na kwa kuwa bandarini hapakosi upepo, mafundi wa kazi za nje hutumia utando uliokandamizwa juu ya karatasi yake, wakaubandika, wakausugua kwa nyuma kwa kidole na kuivua karatasi. Mwisho ni pamba laini, na mstari mweusi wa kuzungushia herufi ili jina lisomeke kwa mbali.

Siku mbili au tatu zimekwisha, na dhahabu iliyotumika haijafika gramu moja. Twauliza: nani aliyepata fedha hiyo? Hakuipata tajiri wa mgodi. Ameipata mtu mwenye burashi, mwenye watoto, aliyejifunza kazi kwa miaka. Mwenye kuiita israfu na aseme waziwazi kwamba lawama yake ni juu ya ujira wa fundi, nasi tutajua la kumjibu.

Lakini yuko mtu mwingine ambaye sisi twamwona mbaya zaidi ya mwenye kejeli, naye ni yule auzaye shaba kwa jina la dhahabu. Uko utando wa shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na zinki, na mtu asiyejua akiuona siku ya kwanza atasema ni dhahabu hasa. Bei yake ni ndogo sana. Mfanya biashara mjanja humwambia mwenye chombo: chukua huu, hapana atakayetambua. Tazama udanganyifu wa hisabu hiyo. Msasa ni ule ule, gundi ni ile ile, siku za fundi ni zile zile. Kilichopunguzwa ni bei ya ile sehemu ya gramu tu. Kisha chombo kinateremshwa katika maji ya chumvi. Dhahabu haishikani na hewa wala na chumvi, ndiyo maana haipati kutu. Shaba hushikana na vyote viwili: hufifia, ikawa nyeusi, ikatoa ukungu wa kijani pembezoni mwa herufi, na mwenye chombo hulazimika kuikwangua yote na kumlipa fundi mara ya pili. Kupaka vanishi juu yake huchelewesha msiba huo, hakuuondoi. Hii sisi twaiita ghushi, na aifanyaye hana tofauti na mwenye kuchezea mizani.

Hata katika dhahabu ya haki yapo madaraja. Iliyo safi kabisa huhisabiwa karati 24. Kwa kazi za nje mafundi hutaka karati 23, yaani sehemu 23 za dhahabu na moja ya madini mengine, kwa sababu kila fedha na shaba zinavyozidi ndani yake ndivyo inavyozidi kuwa dhaifu mbele ya hewa. Apendaye ushahidi wa zamani na autazame ule Msahafu mashuhuri ulioandikwa kwa dhahabu, kwa khati ya Kikufi, juu ya ngozi iliyotiwa nili, ambao kurasa zake nyingi zimo Tunisia. Umepita miaka elfu na zaidi. Maandishi bado yang'aa, lakini alama za aya, zilizotiwa kwa fedha, zimefifia na kusawijika.

Wengine watasema: jina la chombo lina haja gani ya kung'aa? Lina haja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1894 juu ya meli za biashara ilitaka jina liandikwe pande zote mbili za omo, na tezini jina pamoja na bandari ya chombo, kwa herufi nyeupe au za manjano juu ya rangi nyeusi, au nyeusi juu ya rangi nyeupe, zisizopungua inchi 4. Marekani nayo yataka inchi 4 kwa vyombo vilivyoandikishwa serikalini. Chombo kikigonga kingine kikakimbia, kikimwacha mtu majini, au kikichukua mali isiyo yake, jina la tezini ndilo la kushikiwa. Sisi hatuoni ajabu mtu akitaka ushahidi huo usififishwe na jua.

Sasa twende kwenye israfu tuliyoiahidi. Mwaka 1637, huko Woolwich, Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza aliteremsha manowari yake Sovereign of the Seas. Ilinakshiwa toka omo hata tezi, nakshi zote kwa dhahabu juu ya weusi. Gharama yake ilikuwa pauni 65,586, na katika hizo pauni 6,691 zilikwenda katika nakshi na dhahabu peke yake, zaidi ya sehemu moja katika kumi. Waholanzi, waliopigana nayo baadaye, waliiita Shetani wa Dhahabu. Na siku zile zile mfalme huyo alikuwa akiwatoza raia kodi iliyoitwa Fedha ya Meli, bila ya idhini ya Bunge. Desturi ilikuwa kuwatoza watu wa pwani wakati wa khatari, yeye toka mwaka 1635 akaitoza hata bara, kwa watu wasiopata kuona bahari. John Hampden alikataa kulipa shilingi 20. Alishitakiwa, na katika makadhi 12, mwaka 1638, saba walimpa haki mfalme na watano walimkatalia. Bunge likaifuta kodi hiyo mwaka 1641, na mwaka 1649 mfalme akakatwa kichwa. Hatusemi kwamba dhahabu ya tezi ndiyo iliyomwua. Yalikuwapo mengi, ya dini na ya utawala. Manowari yenyewe iliteketea kwa moto huko Chatham mwaka 1696.

Pambanueni, basi, baina ya mtu anayetoa fedha yake halali kuandika jina moja, na mtawala anayepaka dhahabu viuno vya meli kwa shilingi za mkulima. Kejeli ifaayo kwa huyu wa pili isitupwe kwa yule wa kwanza.

Juu ya herufi za plastiki hatuna ugomvi. Ni rakhisi, hubandikwa kwa saa moja, jua huzichakaza baada ya miaka michache, nawe hubandika nyingine. Aziuzaye kwa jina lake hajamdhulumu mtu. Na juu ya vanishi, mafundi wa dhahabu wenyewe hawajapatana: wako wanaoipaka juu ya herufi ili kamba zisizikwaruze, na wako wasemao kwamba vanishi hugeuka rangi na kuiziba nuru. Sisi twaona ipakwe pale tu kamba na mikono zinapofika, kwingine dhahabu iachwe wazi.

Mwenye kutaka kuandikisha jina, kabla ya kulipa na akitake kijitabu chenyewe, asome karati zilizopigwa chapa juu ya jalada. Kisha autwae utando mmoja, aulaze juu ya kigae, audondoshee siki iliyotiwa chumvi, auache mpaka asubuhi. Ukiamka na ukijani, akirudishe kijitabu dukani mbele ya watu.