MADAKTARI NA KOMPYUTA

Yasemwa kwamba daktari akishapata shahada hapendi tena kufundishwa, hasa na kijana aliyekuja na kompyuta kwapani. Neno hilo lina ukweli ndani yake, wala utabibu hauwezi kulikana. Mwaka 1847, huko Vienna, Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwazalisha akina mama. Vifo vilipungua mno. Hata hivyo mabingwa wengi walimbeza.

Lakini yafaa tuulize pia ni elimu ipi inayokataliwa, na kwa nini. Jirani zetu wa Kenya watupa mfano. Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kile cha Indiana, Marekani, vilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta. Mganga aliendelea kuandika katika fomu. Karani ndiye aliyeyaingiza maandishi yake katika mashine. Waliopima kazi hiyo waliona kwamba muda wa wagonjwa kungoja ulipungua kwa asilimia 38. Kutokana na jitihada hizo ikazaliwa, mwaka 2004, programu ya OpenMRS, ambayo leo yatumika katika nchi nyingi.

Mambo ni mengine pale daktari anapoandika kwanza kitabuni, kisha ayaandike yale yale katika kompyuta, foleni ikiwa imefika mlangoni na umeme ukikatika (nao hukatika). Huyo akinung'unika, tusimwite mvivu. Amebebeshwa kazi mbili kwa mshahara mmoja, na kila mfanyakazi ajua maana yake.

Hata hivyo hatumpi daktari ruhusa ya kukaa kando. Mfanyakazi anayehamishwa mji hadi mji huacha faili lake nyuma. Daktari mpya hajui ni dawa gani iliyomdhuru zamani. Kumbukumbu inayosomeka kule aendako yaweza kumwokoa. Nchini Kenya daktari hutakiwa kuonyesha mafunzo aliyohudhuria kabla ya kuhuishiwa leseni. Utaratibu huo ni mwema, ila kuketi semina siku moja na kupewa cheti si kujifunza. Wakubwa wa hospitali watenge saa za mafunzo ndani ya zamu, si baada yake, na kitabu cha zamani kifungwe mara mashine itakapoweza kutegemewa. Wakiyatimiza hayo, ndipo watakapokuwa na haki ya kumwuliza daktari kwa nini kompyuta iliyo mezani kwake bado imefunikwa kitambaa.