Jembe Si Fimbo

Wenzetu walimu, na ninyi wazazi msomao gazeti hili, twataka kusema neno ambalo litawaudhi baadhi yenu. Tumelizuia muda mrefu kwa adabu, lakini sasa twaona ya kwamba ile haikuwa adabu, ilikuwa woga.

Katika shule nyingi za upande wetu huu mtoto akichelewa hupewa jembe. Akinong'ona darasani, hupewa jembe. Akisahau daftari, hupewa jembe pamoja na kipande cha majani cha kufyeka kabla jua halijatua. Kisha siku ya pili mwalimu yule yule husimama ubaoni, akawafundisha watoto wale wale ya kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Mtoto hana kinywa cha kumjibu mwalimu wake, lakini akili anazo, naye hujiuliza moyoni: kama kazi hii ina heshima namna hiyo, mbona hupewa wakosaji tu, na wale wafaulio huketi kivulini wakisoma?

Hatusemi haya kama watu tulio safi. Nasi tulipoanza kazi tulikuwa tukipima adhabu kwa hatua, hatua kumi za shamba kwa kila dakika kumi za kuchelewa, tukajiona waungwana kwa sababu hatukushika kiboko. Siku moja akaja mzee mmoja mkulima wa mpunga, baba wa kijana tuliyemwadhibu. Hakugomba. Tulimwamkia, akapewa kiti, akanyamaza kitambo, ndipo akauliza: "Mwalimu, mimi nalima tangu nipate akili. Nilikosa nini, na ni nani aliyenihukumu?" Hatukuwa na jibu siku ile, na mpaka leo hatunalo.

Walakini wazazi nao wasifurahi upesi. Wako wasemao, "Sikumpeleka mwanangu shule akalime, kulima kupo nyumbani." Neno hili lina nusu ya haki. Pale ambapo watoto hulima ekari mbili, na mahindi yake hayajulikani yalikokwenda, hakuna hesabu iliyosomwa wala uji uliopikwa, mzazi ana haki ya kulalamika, tena kwa sauti. Huo si ufundishaji, ni utumishi wa bure. Lakini yule asemaye hivyo kwa sababu aona haya mwanawe kushika udongo, huyo tuna ugomvi naye.

Na akumbuke amesimama wapi anaposema hayo. Tabora ni mji wa njia. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikatua Unyanyembe, kisha ikaendelea hata Ujiji. Katika njia hiyo walipitishwa watumwa, jambo lisilofaa kusahauliwa na yeyote aisifuye. Lakini wapagazi wengi waliobeba pembe na vitambaa na shanga walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliokwenda kwa ujira wao. Walisafiri hasa wakati wa kiangazi, na wengi walijitahidi kurudi kabla ya mvua ili wapate kulima. Watu hao walikuwa wameiona bahari, na wengine majumba ya Unguja, nao walirudi wakashika jembe pasipo kujiona wamepungukiwa na kitu. Leo kijana akiisha kuiona stendi ya mabasi ya Dodoma, jembe kwake limekuwa chombo cha babu.

Tena njia ile yenyewe ilikuwa shule ya kilimo. Miembe tunayoketi kivulini mwake ilifuata misafara kutoka pwani. Waarabu waliokaa Unyanyembe walilima mpunga, na ngano, na vitunguu, na majirani wakaangalia. Mbegu ilisafiri na mtu, na mtu alijifunza kwa kumtazama mwenziwe akipanda.

Wazee wetu hawakuliacha hata paa likae bure. Paa la tembe lilikuwa tambarare, miti iliyopangwa na kufunikwa udongo, na juu yake nafaka ilianikwa na maboga yakawekwa. Nyumba na shamba havikutengana. Karibu na mji wetu, huko Kwihara, ipo tembe iliyojengwa upya mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872. Wanafunzi hupelekwa huko kila mwaka, huandika jina la Mzungu yule na tarehe, hurudi. Hatujasikia bado mwalimu aliyewasimamisha watoto mbele ya nyumba ile akawauliza: paa la namna hii lilikuwa likifanya kazi gani?

Liko swali kama hilo lililoulizwa mbali sana na hapa. Katika nchi ya Thailand, karibu na mji wa Bangkok, Chuo Kikuu cha Thammasat mwaka 2019 kilifungua shamba juu ya paa la jengo lake kubwa. Ukubwa wake pamoja na bustani zake ni mita za mraba 22,000, nalo limekatwa ngazi ngazi kama majaruba ya mpunga ya milimani, ili maji ya mvua yashuke polepole kutoka ngazi hata ngazi mpaka mabwawani. Humo watu hujifunza kulima, na humo hukutana kuzungumza. Najua mtatucheka: Tabora ina ardhi tele, ya nini kupandisha udongo juu ya nyumba? Ni kweli, ingekuwa upuuzi, wala hatutaki kuiga. Linalotuumiza ni hili: watu wale waliliweka shamba juu ya vichwa vya maprofesa wao, ili kila aingiaye chuoni alione. Sisi la kwetu tumeliweka nyuma ya vyoo.

Nasi tuna paa, ingawa ni la bati. Chukueni darasa moja ambalo paa lake lafunika mita 9 kwa 8, yaani mita za mraba 72. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tabora hupata kiasi cha milimita 900 katika mwaka wa kawaida, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Basi paa hilo moja hupokea lita 64,800. Toeni sehemu moja ya tano kwa ajili ya zile zipoteazo. Zabaki 51,840, nazo ni ndoo 2,592 za lita 20. Maji haya yote huanguka chini yakachimba msingi wa darasa, yakaenda zake. Kisha mwezi wa Agosti watoto hutumwa kisimani na ndoo vichwani, nao wakichelewa kurudi, hupewa jembe!

Tulipopata tangi moja la lita 5,000 na mfereji wa paa, hatukuwaambia watoto habari za kilimo kwanza. Tuliwapa hesabu. Bustani yetu yahitaji lita 100 kwa siku. Tangi litadumu siku 50. Kiangazi, tangu Mei mpaka mwisho wa Oktoba, ni siku 184. Je, tutahitaji matangi mangapi? Wengine walisema mawili, mmoja akasema kumi, mwisho wakakubaliana manne. Wakati tunafuta ubao, binti mmoja wa nyuma, asiyesifiwa kwa hesabu, aliinua mkono akauliza: kwa nini tusipunguze bustani, tukaufunika udongo kwa majani makavu, ili lita 50 zitoshe, na matangi yawe mawili? Swali hilo halimo kitabuni. Tangu siku hiyo hatuna haja tena ya kuambiwa kwamba shamba hula saa za masomo.

Lakini maji na hesabu havitoshi kama lango la shule limefungwa. Shamba la shule sharti liwe na baraza lake. Mwalimu ajua habari za nitrojeni, na mzee ajua udongo. Wakikaa mbalimbali, mtoto hupata nusu kwa huyu na nusu kwa yule, wala hajui kuziunganisha. Mwaka 1935 mtaalamu mmoja wa kituo cha Amani, Geoffrey Milne, aliandika ya kwamba udongo wa nchi zetu hufuatana kutoka kilimani hata bondeni kama pete za mnyororo, aina hii juu, aina ile katikati, na mweusi wa mbuga chini. Aliupa mfuatano huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na wataalamu wa dunia wakalipokea, wangali wakilitumia. Ni kazi nzuri. Walakini wakulima wa Unyamwezi na Usukuma walikuwa na jina kwa kila pete ya mnyororo huo, tena walijua mtama uende wapi na mpunga uende wapi. Kadhalika tuta lao: majani na mabua ya mwaka uliopita huzikwa ndani yake yaoze. Mtoto aliyesoma sura nzima juu ya mboji, naye hajui kwamba bibi yake huitengeneza kila msimu, huyo amefundishwa nini?

Na mahali palipokosa baraza twajua yaliyotukia, maana ni kwa jirani zetu. Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa kwa mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Waingereza walileta matrekta, wakang'oa misitu. Hawakuanza na shamba dogo la kujaribia, ambalo hata shule ya msingi yaweza kuwa nalo. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na mamilioni ya pauni yalikuwa yamepotea. Wenye kuupanga hawakuwa wajinga. Walikuwa wasomi.

Twajua pia tutakalojibiwa: haya yalikwisha jaribiwa, yakashindwa. Yaani Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, yeye ambaye alisoma hapa Tabora na baadaye akafundisha hapa hapa, katika shule ya Mtakatifu Maria. Wasemao hivyo na waisome tena. Alitaka wanafunzi washiriki kuamua, waweke hesabu, wayaone matokeo ya uamuzi wao. Alitaka shule iwe sehemu ya jamii yake. Ziko shule zilizolichukua jembe, zikaacha uamuzi, zikaacha na hesabu. Sasa nani ameshindwa, yeye au sisi?

Basi twawaomba wenzetu: adhabu ya jembe ikome, tena muhula huu, si mwakani. Mavuno yasomwe mbele ya wazazi gunia kwa gunia, na asomaye awe mwanafunzi, wala si mwalimu mkuu. Na mwembe ulioko uwanjani uwekewe mabenchi, maana pasipo mahali pa kuketi hakuna baraza, kuna kusimama jua kali na kuhutubiwa.

Kwetu lilipofanyika baraza la kwanza walikuja wazazi kumi na mmoja tu. Yule mzee wa mpunga alikuwa mmojawao, akaketi nyuma. Watoto walisoma hesabu zao, wakaonyesha tangi, wakatuongoza sote shambani kuyatazama matuta mapya ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeyapimia kamba. Mzee aliyatazama, akachuchumaa, akauweka mkono juu ya udongo. "Mwalimu," akasema, "umeyalaza kufuata mteremko. Mvua ya kwanza itayachukua yote." Watoto walitutazama. Tukamwomba aonyeshe, naye akavua viatu, akaomba jembe. Kijana wake alikuwa wa kwanza kumpelekea.