KONA YA VITABU: Mwandishi akifa, jasusi wake anabaki na nani?

Mwezi huu tunarudi kwenye vitabu vya ujasusi, maana ndivyo vinavyochakaa upesi kwa kupita mikono mingi. Kila vinapotajwa, ubishi ni uleule: mwenye hadithi akishafariki, je, ni sawa mtu mwingine kuiendeleza?

Tuchukue mfano wa Jason Bourne. Wengi waliosoma Kifaransa walimjua kwa kitabu La mémoire dans la peau. Kwa wasiomjua, ni mtu anayeokotwa baharini na majeraha ya risasi, hakumbuki jina lake wala kwao. Anaanza kujitafuta huku wengine wanamwinda. Aliyemtunga ni Mmarekani Robert Ludlum, aliyeandika vitabu 3 vya Bourne, mwaka 1980, 1986 na 1990. Ludlum alifariki mwaka 2001.

Mwaka 2004 kikatoka kitabu cha 4. Safari hii mwandishi ni Eric Van Lustbader, Mmarekani pia. Hapo maneno yakaanza.

Lawama ya kwanza ilikuwa jalada. Jina la marehemu liko kubwa kabisa, la aliyeandika liko dogo. Msomaji anadhani ananunua Ludlum, kumbe ni mwingine!

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Bourne alikuwa na rafiki wawili wa zamani, Conklin na daktari Panov, waliomsaidia sana. Lustbader aliwaua wote wawili mwanzoni mwa kitabu chake. Halafu kuna Marie, mke wa Bourne, aliyesimama naye tangu siku zile hajui hata jina lake. Kufika kitabu cha mwaka 2007, Marie ameshakufa. Msomaji hakuonyeshwa kifo chenyewe, anapewa habari tu.

Mtu anaweza kucheka, eti watu wazima wanamlilia mwanamke wa kitabuni. Siye hatucheki. Wangapi hapa kambini wamepata habari ya msiba wa nyumbani kwa simu, miezi imeshapita, na kaburi hawajaliona mpaka leo? Msiba usio na matanga tunaujua. Msomaji aliyekaa na Marie vitabu vyote vile alitaka angalau apewe nafasi ya kuzika.

Tuseme na upande wa pili, maana haki ni haki. Katika Ludlum, Bourne alikuwa amepoteza mke wa kwanza na watoto wake wawili vitani, kule Phnom Penh. Lustbader akamrudisha mtoto mmoja, Joshua. Kumbe hakufa, amekua mbali na baba yake, na ana hasira naye. Kuna wasomaji waliokataa, wakasema hayo hayawezekani. Hapo siye tunatofautiana nao. Tumeona picha za watoto zikibandikwa ili ndugu zao watafutwe, na wapo waliopatikana baada ya miaka. Tunajua pia kwamba kukutana si mwisho wa hadithi. Mtoto anaweza kumuuliza mzazi, "Mbona mliniacha?" Kwa hiyo hapo mwandishi mpya aligusa jambo la kweli.

Na pamoja na lawama zote, watu waliendelea kusoma. Lustbader aliandika vitabu 11 vya Bourne mpaka mwaka 2017. Kuanzia mwaka 2020 kalamu ilishikwa na Brian Freeman.

Wengine hurithishana nyumbani. Jean Bruce wa Ufaransa, mtunzi wa OSS 117, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1963. Mjane wake Josette alichukua kalamu mwaka 1966, akaandika vitabu zaidi ya 100, kumpita marehemu. Baadaye watoto wao, Martine na François, nao wakaandika. Gérard de Villiers wa vitabu vya SAS yeye alifika namba 200, akafariki mwaka 2013, na mfululizo wake ukaishia hapo.

Sisi tunaonaje? Tunaona mgeni anaweza kuendeleza hadithi, ila kwanza awajue wenyeji wake: nani rafiki ya nani, nani amekufa na amezikwaje. Akishawajua, aende njia yake, na jina lake liandikwe wazi.

Jambo hili tunalo majumbani. Hadithi za Fizi, Uvira au Makamba leo zinasimuliwa na watoto waliozaliwa hapa, ambao hawajaziona sehemu hizo. Watachanganya majina ya mito, watamuua babu kabla ya siku yake. Tusiwaambie wanyamaze kwa sababu hawakuwepo. Tukae nao jioni, tuwatajie watu kwa majina, nani alikuwa nani, halafu tuwaache wasimulie. Sisi tukiondoka, hadithi itabaki kwao.

Sasa zamu yenu, papa, mama na vijana. Wengi mnamjua Willy Gamba wa Elvis Musiba, yule mpelelezi ambaye katika Kikosi cha Kisasi alifika mpaka Kinshasa. Ukipewa wewe kumwendeleza, ungeacha nini kama kilivyo, na ungebadilisha nini? Andika nusu ukurasa, kwa Kiswahili chako kama unavyokisema. Asiyejua kuandika aombe mtoto wa shule amwandikie, naye amweleze mtoto huyo hadithi yote. Leteni maktaba kabla ya mwisho wa mwezi. Zile nzuri tutazisoma pamoja hapahapa.

Tuonane toleo lijalo, na amani iwe majumbani mwenu.