Dozi ni ya kila siku, mchango usisubiri ugonjwa

Juma hili tunapenda kuzungumza na wazazi na walezi juu ya maradhi yasiyokwisha kwa dozi moja. Malaria huja, hutibiwa, huondoka. Shinikizo la damu na kisukari ni wageni wasioaga. Dawa zake zitatakiwa mwezi huu, mwezi ujao na mwezi wa baada yake, na hata zikiwa za bei nafuu huwa ni kodi ya kudumu juu ya nyumba.

Tuchukue mfano wa mkulima au mfugaji wa Mbalibali, wilayani Serengeti. Yeye si mtu asiye na kitu. Akivuna mahindi au mtama, au akiuza ng'ombe mnadani, fedha huingia kwa mkupuo. Kisha hufuata miezi mirefu ya kulima na kusubiri. Fedha yake ni ya msimu. Kidonge cha mama yake ni cha kila siku. Katika miezi hiyo mikavu ndipo kidonge hukatwa nusu, ndipo siku hurukwa, ndipo mgonjwa husema, "Leo sijisikii vibaya, niache kwanza." Nao ni udanganyifu mkubwa, kwani shinikizo la damu mara nyingi haliumi. Huharibu figo kimyakimya, na siku linapojitangaza huweza kuja na kiharusi. Shilingi chache zilizookolewa hapo hurudi zikidai shamba na mifugo.

Mwajiriwa ameepushwa na hesabu hii. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi mwaka 2001, mchango wake umekuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikikatwa kwake na nusu ikilipwa na mwajiri. Hukatwa kidogo kila mwezi, akiwa mzima, kabla fedha haijafika mkononi. Kwa wanavijiji ulianzishwa Mfuko wa Afya ya Jamii, uliofanyiwa majaribio Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa kuanzia mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi sita ilitakiwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Tukizigawa kwa miezi 12 ni shilingi 2,500 tu kwa mwezi. Lakini mwanakijiji aliombwa zote kwa pamoja, na 30,000 za Februari si sawa na 30,000 za wakati wa mavuno.

Majirani zetu wa Kenya wamekutana na mzigo huohuo. Katika bima iliyoanza Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hali asiye na ajira rasmi alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja. Baadaye ukaletwa utaratibu wa Lipa SHA Pole Pole, ili mwananchi alipiwe kwanza kisha arejeshe kidogo kidogo.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: nyumba isiyo na mwajiri na iwe mwajiri wa nafsi yake. Nabii Yusuf (A.S.) aliwafundisha watu wa Misri kuweka akiba katika miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya dhiki. Nasi siku ya kuuza mazao tutenge mafungu mawili kabla ya matumizi mengine: fungu la mchango wa bima wa mwaka mzima, na fungu la dawa lililogawanywa kwa miezi 12. Asiyeuza kwa mkupuo aweke kila wiki. Kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023 na viwango hubadilika, ulizeni zahanati au kwa mtendaji wa kijiji kiasi cha sasa.

Fungu la pili tunalisisitiza, kwa sababu kadi si dawa. Huenda dawa isiwepo zahanati siku hiyo, na mgonjwa akaelekezwa duka la dawa. Tena, kaya ya watu wanane haienei katika kadi ya watu sita, na mara nyingi anayeachwa nje ni bibi, ambaye ndiye anayemeza vidonge kila siku. Tuanze kuandika jina lake. Na tumwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe badala ya la kampuni, kwani dawa ileile huuzwa kwa bei tofauti.

Kuhusu hukumu, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyokutana Jeddah mwaka 1985 iliikataa bima ya kibiashara na ikapendekeza ile ya kusaidiana. Mifuko ya umma ina sura yake, na wenye shaka wawaulize masheikh wetu. Lakini tunatahadharisha juu ya kukopa mchango au dawa kwa sharti la nyongeza ukichelewa kulipa. Nyongeza hiyo ni riba, na mgonjwa hapaswi kutibiwa mwili huku akiingizwa katika dhambi.

Mwisho, tunaiomba kila kamati ya msikiti ijiulize: ni mzee yupi katika safu zetu amekatisha dozi kwa kukosa nauli na bei ya kidonge? Wenye kustahiki zaka wapewe haki yao kabla hawajapooza. Na mwenye uwezo wa kumlipia jirani yake mchango wa mwezi asiidharau sadaka hiyo, kwani amali ndogo yenye kudumu hupendeza zaidi mbele ya Allah. Tunamwomba Mola awape shifaa wagonjwa wetu, na atupe sisi moyo wa kujiandaa. Amin.