Pwani Nayo Inahitaji Daftari

Imejengeka dhana miongoni mwa baadhi ya wananchi kwamba kutembea pwani kutwa nzima, kwa ajili ya kutazama ndege na miamba, ni anasa ya watalii. Dhana hiyo ni potofu na haina budi kuondolewa. Pwani ni mali ya umma, na wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfano upo karibu. Mbele ya pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam vipo visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Miamba yenye ncha kali ionekanayo huko, na pia kwenye rasi ya Msasani, ni matumbawe yaliyokuwa hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Mawimbi huitafuna miamba hiyo kwa chini, hata mingine ikabaki imesimama mfano wa uyoga.

Huko Kunduchi, maji yakipwa, matope yaliyo kando ya mikoko huwa meza ya ndege. Yangeyange na korongo huwapo mwaka mzima. Sululu na vitwitwi ni wageni: wengi wao huanza kuwasili mwezi Agosti na huondoka yapata Aprili, na baadhi ya vitwitwi huzaliana mbali kabisa, Siberia. Mikoko ikikatwa na matope yakifukiwa, ndege hao hukosa chakula cha kuwarudisha kwao, na mvuvi naye hukosa mazalia ya samaki na kamba.

Mwalimu anayefundisha mambo hayo ubaoni, wakati ufuko uko umbali wa nauli ya basi, anawanyima wanafunzi nusu ya somo. Mtumishi anayepitisha ramani za viwanja vya pwani bila kupata kuikanyaga pwani yenyewe, naye anaweka saini gizani.

Kwa hiyo yafaa shule na ofisi za mikoa ya pwani ziandae matembezi ya pamoja, japo mara moja kila msimu. Gharama yake ni ndogo: viatu imara, maji ya kunywa, darubini moja ya kupokezana na daftari. Wavuvi waulizwe kwanza saa za kupwa na kujaa, hasa siku za bamvua, kwa kuwa maji yajaapo huweza kuwazingira watu chini ya miamba. Ndege wasikurupushwe, wala kombe na matumbawe yasichukuliwe.

Katika daftari hilo yaandikwe majina na idadi ya ndege, lakini pia mikoko iliyokatwa na kuta zilizojengwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sheria hiyo haina macho yake yenyewe. Macho yake ni ya wananchi wanaopita hapo kwa miguu, wakaona, wakaandika na kutoa taarifa kwa wanaohusika.

Pwani isiyokanyagwa na wenyewe hupata wenyewe wengine. Jumamosi moja ya matembezi si kupoteza wakati. Ni ukaguzi wa mali ya taifa.