Wenye majengo Kizota wapige hesabu ya choo

UKITAJA uwekezaji wa Kizota, watu hukimbilia kuzungumzia maghala ya nafaka, viwanda vidogo, magereji na fremu zinazoota kando ya barabara ya Singida. Habari ya choo haimo. Mwandishi wa safu hii alikumbushwa siku alipomfuata dalali wa mahindi kwenye ghala moja la eneo hilo. Ilikuwa siku ya mgao wa maji. Choo cha wanaume kilipigwa kufuli kwa sababu boza halijafika, na vibarua walikuwa wakijisaidia nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka kwenye magunia. Mnunuzi aliyekuja kukagua mzigo aliona, akanyamaza. Bei aliyoitoa baadaye haikumfurahisha dalali wetu.

Maoni yetu ni kwamba mwenye ghala, baa, ofisi au kiwanda chenye wanaume wengi ana sababu ya kibiashara ya kufikiria masinki ya haja ndogo yasiyotumia maji. Lakini anunue akiwa amepiga hesabu, maana choo kisicho na maji si choo kisicho na gharama.

Kwanza tuitazame bidhaa yenyewe. Sinki hili halina bomba la kumwagia maji. Chini yake kuna katriji yenye kimiminika chepesi cha jamii ya mafuta. Mkojo ni mzito zaidi, kwa hiyo hupenya na kwenda zake, nacho kimiminika hubaki juu kama kifuniko kinachozuia harufu isirudi. Aina nyingine hutumia ulimi wa mpira unaofunguka na kujifunga. Wazo hili si geni. Wilhelm Beetz alitengeneza masinki ya mafuta mjini Vienna katika miaka ya 1880, na katika miaka ya 1990 kampuni za Marekani zililirudisha sokoni kwa ajili ya majengo ya biashara.

Kwa nini limhusu mtu wa Dodoma? Kwa sababu mji huu unakunywa kutoka akiba. Mvua yake ni wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na kwa miaka mingi tegemeo kubwa limekuwa visima vya bonde la Makutupora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ukitumia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji hayo, ulionyesha kwamba bonde hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ule wa El Nino wa 1997/98. Miaka mingine kina hushuka tu. Mfanyabiashara ataelewa haraka: hii ni akaunti ya benki inayowekewa fedha mara moja kwa miaka kadhaa, lakini inatolewa fedha kila siku. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, watoaji wameongezeka. DUWASA imechimba visima vipya, vikiwemo vya Nzuguni, lakini mji nao haujasimama kukua.

Sasa tushike kalamu. Majengo mengi ya zamani yana tanki la ukutani linalojimwaga lenyewe, awepo mtu asiwepo. Tuseme linamwaga lita 9 kila baada ya dakika 20. Hizo ni lita 27 kwa saa na lita 648 kwa siku, usiku na Jumapili vikiwemo. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 19,440, yaani uniti 19 na ushei. Tajiri amelala, tanki linafanya kazi, mita inazunguka.

Kwa masinki ya kubonyeza, hesabu ni nyingine. Baadhi ya watengenezaji husema katriji moja hudumu kwa matumizi 7,000 hivi. Kama sinki lako la sasa linatumia lita 2 kila linapobonyezwa, matumizi 7,000 ni lita 14,000, au uniti 14. Kanuni ya mkononi ni hii: bei ya katriji moja ilinganishwe na bei ya uniti 14 za maji. Kama unanunua maji ya boza, tumia bei ya boza. Katriji ikiwa ghali kuliko hapo, bili ya maji peke yake haitoshi kukushawishi.

Lakini bili si mwisho wa hesabu, na hapa ndipo wengi huteleza. Jengo ambalo halijaunganishwa na bomba la majitaka hutegemea shimo. Kila lita inayoingia kwa bomba hutoka kwenda shimoni, na kama ardhi hainywi vizuri, hutolewa na gari la kunyonya majitaka. Lita 14,000 ni zaidi ya safari moja ya gari la lita 10,000. Mwenye shimo linalojaa haraka hulipa maji mara mbili, yanapoingia na yanapotoka. Kwake yeye sinki kavu lina faida hata kama bei ya maji ni ndogo. Na siku ya mgao halifungwi kufuli.

Upande wa pili wa shilingi nao usemwe. Huko Chicago, ofisi za halmashauri ya jiji ziliyang'oa masinki haya mwaka 2010, baada ya mkojo usiochanganywa na maji kula mabomba ya shaba. Sisi hutumia zaidi mabomba ya plastiki, ambayo hayaliwi hivyo, lakini bomba lililolazwa bila mteremko litaganda uchafu na kuziba. Mjini Philadelphia, chama cha mafundi bomba kilipinga masinki hayo yasifungwe katika jengo la Comcast Center mwaka 2006. Suluhu ilikuwa kupitisha mabomba ya maji ukutani hata hivyo, yakae tayari. Waliocheka walikosea. Anayejenga leo Kizota afanye vivyo hivyo: apitishe bomba, alizibe mdomo, ajenge. Teknolojia ikimshinda, hatavunja ukuta.

Adui mkubwa zaidi ni ndoo. Mfanyausafi wetu amezoea kumwaga ndoo ya maji yenye dawa kali na kuondoka. Ndoo hiyo huisukuma ile kinga ya mafuta, na kesho yake harufu inafika kaunta. Sinki hili hufutwa kwa kitambaa na dawa iliyoelekezwa. Asiyetaka kumfundisha mfanyausafi wake asinunue.

Tena, wateja wetu wengi, Waislamu na wasio Waislamu, hawatoki chooni bila kutawaza. Bomba dogo na kopo vibaki karibu, lakini maji yake yasielekezwe kwenye katriji. Wanawake nao hawafaidiki na sinki hili moja kwa moja. Maji yaliyookolewa upande wa wanaume ndiyo yawafikie wao.

Lipo pia suala la nani anafaidi. Mwenye jengo hununua masinki, mpangaji ndiye anayelipa bili ya maji, halafu katriji inakuwa mtoto asiye na baba. Mkataba wa pango useme wazi nani ananunua katriji, na nani analipia gari la majitaka. Bila hivyo, katriji ya kwanza ikiisha, watarudia kufuli na ukuta.

Ushauri wetu kwa mwekezaji mdogo: usibadilishe jengo zima. Funga sinki moja mahali penye watu wengi, andika uniti za mita kila wiki, hesabu safari za gari la majitaka, na hakikisha muuzaji ana katriji za akiba hapa nchini. Baada ya miezi mitatu daftari litakuambia. Kwenye ofisi ya watu watano huenda likakataa. Kwenye ghala la vibarua mia, tunadhani litakubali.

Haba na haba hujaza kibaba. Kizota haba hizo zinamwagwa ukutani, na mwenye jengo analipia kila tone.