Gesi Haiishi, Inavuja

Wasomaji, leo naweka kompyuta kando kidogo, ingawa mtaona mwishowe nairudia tu. Nataka tuongee kuhusu AC ya gari, hasa ile ambayo ukiiwasha inakupulizia hewa ya moto kama aliyefunua sufuria jikoni.

Gari langu lilipoanza vituko hivyo nililipeleka gereji. Fundi aliweka mkono kwenye tundu la dashibodi na hukumu ikatoka hapo hapo: "Gesi imeisha, bosi." Akajaza, nikalipa shilingi 3,500, baridi ikarudi. Baada ya wiki 6, moto tena. Akajaza. Baada ya wiki 3, moto. Akajaza mara ya tatu, siku moja kabla sijampeleka mama Mombasa. Tulipofika Mtito Andei, kiyoyozi kilikuwa kinapuliza vumbi na joto. Mama ana shida ya presha. Alilowesha leso, akaiweka kichwani, akanyamaza hadi tulipofika. Afadhali angelalamika.

Sasa angalieni hesabu hiyo: wiki 6, wiki 3, siku 1. Kazini, programu ikianguka kwa mpangilio kama huo, sithubutu kuiwasha upya mara tatu bila kusoma kumbukumbu za seva. Lakini kwa gari langu mwenyewe nililipia kuwashiwa upya, mara tatu, shilingi 10,500.

Msimamo wangu ni huu: anayejaza gesi bila kutafuta ilikotokea hajatengeneza kitu. Gesi ya AC si petroli. Haichomwi. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaishindilia mpaka inakuwa moto. Kondensa, iliyo mbele ya rejeta, inaitoa joto mpaka inakuwa maji maji. Kisha inapenyezwa kwenye vali yenye tundu jembamba, shinikizo linashuka ghafla, nayo inachemka ndani ya ivaporeta nyuma ya dashibodi huku ikinyonya joto la hewa mnayopuliziwa. Magari mengi yaliyoko barabarani kwetu hutumia gesi ya R134a, ambayo katika shinikizo la kawaida la hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ni kweli kidogo hupenya kwenye mipira kadiri miaka inavyopita. Lakini si kwa wiki 6.

Tena si kila hewa ya moto ni gesi. Kabla ya kutoa pesa, jiulize:

Kwanza, je, kompresa inashika? Kama ni ya klachi, washa AC usikilize mlio wa "tak". Kama haishiki, angalia fyuzi na rilei. Huenda pia swichi ya shinikizo imeizuia kwa sababu gesi ni kidogo. Fundi akitaka kuiruka swichi hiyo kwa waya, mkataze. Mafuta ya kulainisha kompresa husafiri na gesi. Gesi ikipungua, kompresa inaweza kujisaga hadi kufa.

Pili, je, baridi inakuja ukiwa mwendoni na kupotea kwenye jam? Shuku feni ya kondensa, au kondensa iliyoziba vumbi.

Tatu, je, lile bomba nene la AC linaloingia kompresa ni baridi lakini ndani ya gari ni moto? Basi huenda kile kibao cha kuchanganya hewa nyuma ya dashibodi kimekwama upande wa hita. Hapo hata ukijaza mtungi mzima haitasaidia.

Nne, kama kweli gesi imepungua, imetokea wapi? Tafuta alama za mafuta kwenye viungo vya mabomba. Ila usifungue kiungo chochote mwenyewe: gesi hiyo ikikurukia inagandisha ngozi na inaweza kukuharibu macho.

Fundi wa pili, kule Mombasa, alifanya hivyo. Alitoa gesi iliyobaki, akajaza naitrojeni, akapaka povu la sabuni kila kiungo. Kwenye kondensa mapovu yakaanza kuota. Kilikuwa kimpira cha mviringo, oringi, kilichokauka na kupasuka. Bei yake haikufika shilingi 100. Akabadilisha, akafyonza hewa na unyevu kwa nusu saa, akafunga na kusubiri aone kama geji itapanda. Haikupanda. Ndipo akapima gesi kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Geji peke yake haitoshi: gari likiwa limezimwa, shinikizo hufuata joto la siku ile, na mfumo wenye gesi nusu unaweza kusoma sawa na uliojaa.

Nilimuuliza kwa nini wengine hawafanyi hivyo. Akacheka: "Mteja halipi kutafutiwa. Analipa kujaziwa."

Hapo nilikosa jibu, maana mteja huyo ni mimi. Na wateja wangu wa programu wako hivyo hivyo: siku nzima ya kusaka hitilafu wanaiona hasara, lakini kuwasha seva kila Jumatatu wanaiona huduma.

Na hasara si ya mfuko tu. Uzito kwa uzito, R134a hupasha joto dunia takriban mara 1,400 kuliko kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana mwaka 2016, hapo jirani Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za aina hii. Gesi yangu ya mara tatu iko angani sasa.

Kwa hiyo ukienda gereji, usiseme "nijazie gesi". Sema "nitafutie inapovuja, nitakulipa kwa kutafuta". Na ulipe kweli. Mama yangu amekubali kupanda gari langu tena, ila leso bado anaibeba.